Kauli ya Mgonjwa Nyumbani Kwake

Mada niliyopewa ni muuguzi na matakwa ya mgonjwa anayemalizia maisha yake nyumbani. Huenda wengi mlitarajia nianze na haki za binadamu, au nianze na Mungu. Vyote vitakuja. Niruhusuni nianze na chupa ya dawa.

Nchini Uganda mofini ya kunywa hutengenezwa kwa unga wa mofini, maji safi, kihifadhi cha kuizuia isiharibike, na rangi. Ile ya nguvu ndogo, yenye miligramu 5 katika kila mililita 5, ni ya kijani. Zenye nguvu zaidi zina rangi nyingine, ili bibi asiyesoma, anayemuuguza binti yake kwa mwanga wa kibatari, asichanganye chupa. Fomula hiyo alikuja nayo daktari Anne Merriman kutoka Singapore, ambako yeye na wafamasia wa huko walitafuta njia ya kumwezesha mgonjwa kunywa mofini kwake badala ya kulala wodini akisubiri sindano. Mwaka 1990 alikuwa Nairobi, daktari wa kwanza wa Nairobi Hospice, palepale kwenye eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1993 akahamia Kampala, akaanzisha Hospice Africa Uganda katika nyumba ya kuazima huko Nsambya, akiwa na wauguzi wachache na fedha za kuhesabu miezi.

Kwa nini dawa, wakati tumekuja kuzungumzia matakwa? Kwa sababu mtu mwenye maumivu makali hana nafasi ya kutaka kitu. Nenda kwa mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya nyonga, muulize angependa amalizie wapi siku zake. Atakujibu: popote, hata sasa hivi, bora iishe. Ukiliandika jibu hilo kwenye faili utakuwa umeyaandika maumivu yake, naye mwenyewe hujamsikia bado. Mpe mofini kila baada ya saa 4, dozi ya kulalia iwe maradufu ili yeye na anayemuuguza wapate usingizi, mpe na dawa ya kulainisha choo maana mofini hufunga tumbo. Rudi baada ya siku mbili. Muulize tena. Sasa utasikia habari za mtoto aliye kidato cha nne, za deni la unga dukani, za dada waliyekosana naye tangu msiba wa baba yao, za mwembe ambao hataki ukatwe. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, na kwamba wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilipiga hesabu ya mofini na dawa za jamii yake zinazogawiwa duniani kwa mwaka, ikapata tani 298.5. Nchi maskini kabisa, zote kwa pamoja, ziliambulia tani 0.1. Wanafunzi, fanyeni hesabu: ni kilo 100. Ni gunia moja la mahindi.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kuheshimu matakwa ya mgonjwa ni suala la moyo na huruma, namkubalia nusu. Nusu ya pili iko stoo ya dawa na kwenye kalamu ya anayeruhusiwa kuiandika. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Wako wanaoliona hilo ni jambo la makaratasi. Mimi naliona ni tendo kubwa kuliko hotuba zote za haki za mgonjwa nilizowahi kuzisikia, yangu hii ikiwemo. Muuguzi ndiye anayefika nyumbani. Ndiye anayekaa kwenye mkeka saa 11 jioni na mgonjwa ambaye dozi ya juzi haimtoshi tena, huku daktari yuko mjini na barabara imejaa maji. Kwingi katika kanda yetu muuguzi huyo bado anasubiri sahihi, na mgonjwa anasubiri naye.

Hospitali zetu zina sentensi moja ambayo kila mmoja humu ameisikia: "Mrudisheni tu nyumbani." Familia huielewa upesi. Hukunja mashuka, hulipa deni la wodi, hukodi gari. Halafu sisi hujipongeza kwamba Waafrika hatuwatupi wazee wetu, kwamba watu wetu hufia nyumbani, katikati ya ndugu zao. Naomba tuseme ukweli. Wengi hufia nyumbani kwa sababu fedha zimekwisha. Kumrudisha mtu kwake bila dawa, bila namba ya simu itakayopokelewa, bila muuguzi atakayepita Jumanne, ni kumfukuza kwa adabu. Hata kama mwenyewe alisema anataka kwenda kwake, kwenda kwa namna hiyo sicho alichokuwa anakiomba.

Wako waliofanya vinginevyo, na wengine wako hapa nchini Tanzania. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa wa aina hii majumbani tangu 1999. PASADA, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ilizaliwa 1992 kutokana na watu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, na kwa miaka mingi kabla dawa za kufubaza virusi hazijawa za bure, kazi kubwa ya huduma za majumbani ilikuwa kumsindikiza mtu. Nawataja kwa sababu vijana wengi wa uuguzi wanadhani jambo hili limekuja juzi na semina. Waliolianza hapa walikuwa wauguzi wa baiskeli.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Unafika. Kabla hujavua viatu, unapokelewa uani na mtoto wa kwanza, au baba mdogo, au shangazi. Anakuvuta pembeni, chini ya mti, anakwambia kwa sauti ya chini: "Sista, tunakuomba usimwambie. Ana presha, atatuondokea." Unaingia ndani. Unamwamkia bibi, shikamoo, marahaba mwanangu, habari za nyumbani. Bibi anamtuma binti yake akachemshe chai. Binti akishatoka, bibi anakushika mkono: "Mwanangu, hawa watoto hawajui. Usije ukawaambia. Hawataweza kulala." Nimeshuhudia jambo hili Tanga, nimelishuhudia Dar es Salaam, na wauguzi wa Kenya na Uganda nilioongea nao wananiambia kwao ni vilevile. Nyumba nzima inajua. Kila mmoja anamlinda mwenzake dhidi ya habari ambayo mwenzake anayo tayari. Na muda ule ambao ungetumika kusema mambo unatumika kuyaficha.

Muuguzi afanyeje? Wako wanaofundishwa, kwa vitabu vilivyoandikwa mbali, kwamba mgonjwa ana haki ya kujua na hivyo aambiwe. Ukiingia na kanuni hiyo mikononi utavunja mlango ambao ungeweza kufunguliwa. Mimi humjibu yule mtoto wa kwanza hivi: "Sitamwambia asichoniuliza. Lakini akiniuliza, sitamdanganya." Sijawahi kukutana na ndugu aliyelikataa hilo baada ya kulifikiria dakika mbili. Kwa mgonjwa, huanza na swali ambalo halina kisu ndani yake: "Bibi, mwenyewe unaionaje hali yako?" Kisha hunyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, nanyi vijana mliofundishwa kujaza fomu mtaona taabu kweli. Bibi akisema, "Naona nachoka tu, siku zinavyokwenda," umepewa ruhusa ya kuuliza la pili: "Ukizidi kuchoka, ni nini ungetaka tukifanye, na ni nini usingetaka kabisa?"

Majibu hayafanani na yale ya fomu. Kwenye fomu kuna mashine ya kupumulia, kuna kusisimua moyo. Nyumbani kuna mengine. "Sitaki kurudi kule wodini, wanatuvua nguo mbele ya watu." "Sitaki mkwe wangu anisafishe." "Anioshe dada yangu, na si yule wa Korogwe, yule wa Pangani." "Nataka padri aje na mpako mtakatifu ningali naweza kuitikia." "Asije mtu kuniombea kwa kelele." Mzee mmoja alitaka redio yake iwekwe mahali ambapo angesikia mpira, basi. Msicheke. Muuguzi aliyeandika kwenye faili lake "mgonjwa hana matakwa maalumu" hakuuliza.

Tatizo la pili ni nani ana kauli. Mgonjwa wetu ni mtu wa watu. Mwenye kusema neno la mwisho anaweza kuwa kaka wa baba, au mtoto anayelipia dawa, na huyo siku hizi mara nyingi yuko Muscat, au London, au Minnesota. Mnamjua. Hupiga simu usiku wa manane kwa saa za kwetu, anataka mama ahamishiwe hospitali kubwa, atundikiwe dripu, aingizwe chumba cha mahututi, fedha atatuma. Wauguzi wengi humsema vibaya. Mimi namwonea huruma, kwa sababu miaka yote amelea nyumba hii kwa fedha na sasa anaambiwa fedha haina kazi tena. Huwezi kumshinda huyu kwa hoja, na wala usijaribu. Weka simu kwenye spika, msogezee mama. Mama akisema kwa kinywa chake, "Mwanangu, nimechoka kuchomwa, niache nilale kwangu," mjadala umekwisha. Katika familia moja mgonjwa alikubali sauti yake irekodiwe na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Dakika moja na ushee. Ile sauti ilifanya kazi ambayo karatasi yenye mihuri mitatu isingeifanya, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema muuguzi ndiye aliyeitunga.

Kauli hiyo ipatikane mapema, mgonjwa akiwa bado anakaa na kuzungumza, na wenye kuitekeleza wawepo. Matakwa aliyonong'onezwa muuguzi peke yake hayana mguu. Atakapofariki, wewe ni mgeni tu kwenye msiba ule. Utakaa na wanawake, utakula ubwabwa, na shangazi ataamua.

Usiku ndio unaoharibu ahadi nyingi. Kila kitu kimepangwa, mgonjwa amesema hataki kurudishwa hospitali, watoto wamekubali. Saa 8 usiku pumzi inabadilika. Inakwenda, inakatika, inarudi. Kooni kuna mkoromo. Miguu imepoa. Watu wanashtuka, mmoja anakimbia kuita bajaji, na mama anafia njiani, kichwa kikiyumba kwenye kiti cha nyuma, au anafia kwenye benchi la mapokezi huku mtu akiuliza kadi ya bima. Familia ile haikuwa na nia ya kuvunja neno lake. Iliogopa kitu ambacho hakuna aliyewaambia kitakuja. Kwa hiyo tuwaambie, tena mchana, kwa maneno ya kawaida: atalala zaidi, atakataa chakula, ule mkoromo unawatesa ninyi mnaosikiliza kuliko yeye, mlazeni ubavu, msimpe maji kwa kijiko akiwa hamezi. Waelezwe kwamba mofini ya maji, kiasi kidogo, inaweza kuwekwa ndani ya shavu hata kama kumeza kumekwisha. Waonyeshwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wajaribu wenyewe mbele yako. Wapewe namba ya simu, na anayepokea awe amelipwa kupokea. Hapo nazungumza na waajiri, maana muuguzi wa majumbani anayetumia vocha yake mwenyewe kwa miaka hawezi kulaumiwa siku atakapozima simu.

Kuhusu chakula niongeze kidogo, maana hapo ndipo ugomvi unapozuka. Kwetu kulisha ni kupenda. Mgonjwa anaposema hataki uji, binti husikia kwamba hamtaki yeye. Atalazimisha, mgonjwa atapaliwa, kikohozi kitaleta homa ya mapafu. Ukimwambia binti "acha kumlisha" umemnyang'anya kazi pekee aliyokuwa nayo. Mpe nyingine. Amloweshe midomo kwa kitambaa safi chenye maji, ampake mafuta, amgeuze kila baada ya saa mbili ngozi isichubuke, amkande miguu. Kama kidonda kinanuka, mfundishe kunyunyiza unga wa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa. Harufu hupungua sana, na wajukuu huanza tena kuingia chumbani. Nimeona mgonjwa aliyekuwa amesema anataka kufa haraka akibadili kauli wiki ile ambayo wajukuu walirudi.

Hapo nigusie wale wanaotuomba tuwazidishie dawa ili wapumzike. Sheria zetu hazituruhusu, na mimi binafsi nisingefanya hata kama zingeruhusu. Ila ombi hilo lisikilizwe kwa makini kwa sababu karibu kila mara linabeba ombi jingine. Muulize ni nini kimezidi. Wakati mwingine ni mgongo, wakati mwingine ni aibu ya kusafishwa, wakati mwingine ameona ng'ombe wa mwisho akiuzwa kwa ajili yake. Kwa upande wa pili, iko hofu ya familia kwamba mofini yenyewe ndiyo inayoua. Dozi ikianza ndogo na kupandishwa kwa hatua, haiui. Mgonjwa mmoja huinywa miezi mingi. Lakini lazima iwepo dozi ya mwisho kabla ya kifo, kama lazima kuwepo na kikombe cha mwisho cha chai, na aliyeitoa dozi ile atabaki akijiuliza. Kama ni mke, kama ni mtoto wa miaka kumi na saba, mwambie mapema.

Nimeacha jambo gumu kuliko yote, nalo ni pale matakwa ya mgonjwa yanapokwenda kinyume na faraja tunayotaka kumpa.

Mzee mmoja wa pwani, fundi majahazi, alikuwa na saratani ya tezi dume iliyofika uti wa mgongo. Mofini ilimtuliza vizuri. Siku ya tano akaikataa. Alisema inamletea usingizi, na yeye anataka kuiswali Alfajiri akili yake ikiwa timamu, na itakapofika saa yake aweze kutamka shahada mwenyewe bila kukumbushwa na mtu. Mkewe alilia. Alikuwa anamsikia akiuma shuka. Aliniomba nimchanganyie dawa kwenye chai.

Nilikataa kuichanganya. Kumpa mtu dawa kwa siri baada ya kuikataa waziwazi ni kumwondolea kitu cha mwisho anachokimiliki. Lakini sikuondoka na kusema "ni uamuzi wake", maana hilo nalo ni kumtelekeza. Nilimweleza kuwa usingizi wa siku za mwanzo mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Tukamwalika imamu wa mtaa, aliyemwambia kwamba dawa ya dharura haina dhambi na kwamba mgonjwa husali kwa kadiri awezavyo, hata amelala. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akasema anajua hukumu, anachotaka ni kitu kingine. Basi tukapanga upya: dozi baada ya Isha, nyingine ndogo usiku akiamka, hakuna kitu chochote saa za kuelekea Alfajiri, na chupa isogezwe karibu mara tu akishatoa salamu. Kila asubuhi aliumia kwa muda ambao mimi nisingeweza kuustahimili. Kila asubuhi aliswali. Wako wenzangu walioniambia kuwa huo ulikuwa ukatili. Nimewasikiliza, na bado naona kwamba muda ule ulikuwa wake.

Mengine ni mepesi zaidi. Mgonjwa wa saratani anayetaka kufunga Ramadhani aelezwe kwamba mgonjwa ana ruhusa na kwamba fidia ipo. Akisisitiza, daktari aulizwe kuhusu vidonge vya mofini vinavyofanya kazi kwa saa 12 pale vinapopatikana. Anayetaka kupelekwa kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombezi aende, ila asiache dawa yake, na tumwombe asilipe kwa shamba la watoto. Na asiyetaka mwenzi wake ajue kwamba ana virusi vya UKIMWI, hilo si jepesi hata kidogo: mwenzi naye ana uhai. Matakwa ya mtu yana mpaka pale yanapomwumiza mwingine, na muuguzi asikubali kuapishwa kwa siri ya namna hiyo kabla hajajua ni siri ya nini.

Halafu kuna kwenda kwao. Mhaya aliyeishi Temeke miaka thelathini, Mchaga wa Kariakoo, Mluo wa Eastlands: siku ikikaribia anataka kwenda nyumbani, na kwake nyumbani ni pale yalipo makaburi ya wazee wake, kwenye migomba. Hapa hisia na hesabu vinakutana, kwa kuwa kila familia inajua kwamba kumsafirisha mgonjwa kwa basi ni rahisi mno kuliko kusafirisha jeneza. Safari ya Dar es Salaam hadi Bukoba inakula mchana na usiku. Muuguzi anayesema "hali yake hairuhusu kusafiri" na kuishia hapo hajamsaidia mtu. Watasafiri tu, bila yeye. Afadhali ahesabu dozi za njiani na za siku za mwanzo huko waendako, aandike barua ya hospitali inayoeleza ile chupa ni ya nini endapo itakaguliwa, ampigie muuguzi wa zahanati ya huko, na aseme wazi kwamba anaweza kufariki njiani, ili kama akifariki wawe walilichagua hilo wakijua.

Sheria inasemaje? Kuhusu mali, inasema mengi. Tamko la Sheria za Mila la 1963 hapa Tanzania linatambua hata wosia wa mdomo, ukiwa na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kutunza wosia. Ushauri wangu kwa wauguzi ni kwamba mgonjwa akianza kugawa nyumba, simama, umwitie msaidizi wa kisheria au mtu anayemwamini, wewe usishike kalamu. Mara utakapoonekana umeandika nani apewe nini, kila neno jingine ulilolisikia kwa mgonjwa yule litatiliwa shaka.

Kuhusu mwili wa mgonjwa na siku zake za mwisho, sheria ni nyembamba, na Afrika Mashariki tunayo kesi ambayo wazee humu wanaikumbuka. Silvanus Melea Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka azikwe shambani kwao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mashahidi walisimama mahakamani kueleza marehemu aliwahi kusema nini, lini, mbele ya nani. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, naye akazikwa Nyalgunga Mei 23, 1987, miezi mitano baada ya kufa. Watu hukumbuka kesi hiyo kama vita vya mila na usasa, au vya mume na mke wa makabila mawili. Mimi kila nikiisoma naona mtu aliyeishi kwa kuandika nyaraka za wenzake, na ambaye hakuacha wosia wa maandishi. Simlaumu, alikufa ghafla, na hata ingekuwapo karatasi, sina hakika ingeshinda mila mahakamani. Ninachowaambia ni kwamba kama kauli ya wakili iliweza kugombewa hivyo, ya bibi yetu wa Handeni itapotea bila hata kesi.

Ndiyo sababu naomba faili la huduma za majumbani liwe na ukurasa mmoja, wa Kiswahili, usio na masanduku ya kuweka vema. Juu, tarehe. Chini yake, maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, kwa lugha yake, hata kama ni Kisambaa au Kidigo. Kisha majina ya waliokuwepo akisema, na namba zao. Nafasi ya kutosha ibaki chini, kwa sababu watu hubadilika: aliyesema Machi hataki hospitali anaweza Mei kuitaka, na hilo nalo ni tamko lake, liandikwe kwa tarehe yake bila kumkumbusha alichosema zamani. Nakala moja ibaki nyumbani, mahali ambapo familia huweka kadi za kliniki.

Na naomba Wizara na Baraza la Uuguzi na Ukunga waitazame Uganda ya 2004 kwa macho ya wivu. Tuna wauguzi waliosomea tiba shufaa. Wapewe mafunzo ya ziada, wapewe mtihani mgumu, wakaguliwe vitabu vyao vya dawa kila mwezi, chupa zihesabiwe tupu na zilizojaa. Kisha wapewe kalamu. Wafamasia walioko hapa najua wana neno kuhusu wizi na matumizi mabaya, na wana sababu. Ningependa tuanzie kwao kwenye maswali.